Je, wajua ukikanyaga mafuta hukanyagi mafuta?

Hapa Tabora, kama kwingine nchini, dereva akitakiwa aongeze mwendo huambiwa "kanyaga mafuta". Kwa gari la petroli msemo huo una walakini, kwa sababu pedali inafungua njia ya hewa. Kisahani kilichomo kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) kinazunguka, hewa inaingia, sensa inaipima, kisha kompyuta inaamua nozeli zinyunyize petroli kiasi gani. (Dizeli ni habari nyingine. Huko unakanyaga mafuta kweli.)

Hewa yenyewe si haba. Kilo 1 ya petroli huungua na kilo 14.7 za hewa. Kwa lita moja, hiyo ni hewa ya kujaza simtanki tisa za lita 1,000. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo ongeza simtanki ya kumi. Ndiyo maana gari lisilo na turbo likitoka Dar es Salaam hupungukiwa nguvu kwa zaidi ya asilimia 10 huku, na wala si bovu.

Gari lisilochanganya kabisa, yaani unakanyaga na mwendo hauongezeki, anza na mshale wa mizunguko ya injini (RPM) kwenye dashibodi. Ukiruka juu, injini ikalia na gari likajikokota, basi klachi au giaboksi inateleza. Waachie plagi amani yao. Mshale wenyewe ukipanda kivivu, injini inanyimwa hewa, mafuta au moto.

Mimi huanza na hewa, maana kuikagua ni bure. Toa ea klina (filta ya hewa) uielekeze juani. Mwanga usipopenya, imeziba. Kiangazi, kwa wanaoshinda njia za vumbi za mashamba ya tumbaku, haichukui muda. Wengi huipuliza kwa kompresa na kuirudisha, lakini upepo mkali hutoboa karatasi, na vumbi likaenda moja kwa moja kwenye sensa. Kagua pia mpira unaotoka hapo kwenda throto. Ukipasuka, inaingia hewa ambayo haikupimwa, petroli inatolewa pungufu, na gari linasita kila ukikanyaga. Throto ikijaa masizi, utaiona kwenye silensa, yaani mngurumo wa injini usipokanyaga pedali: inapanda na kushuka.

Gari likitembea vizuri mjini ila likaishiwa pumzi mlimani au unapolipita lori, shuku filta au pampu ya mafuta. Mwendo wa pole unahitaji petroli kidogo, hivyo pampu iliyochoka hujificha. Na petroli ya kidumu? EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 kuwabana wachakachuaji, ila chupa ya kando ya barabara hakuna anayeipima.

Injini ikitikisika na taa yake ikapepesa, plagi au koili imekosa moto. Usiendelee kukimbia, kwani petroli isiyoungua huenda kuunguza masega (kisafisha moshi kwenye ekzosi), na masega yakiziba gari linakabwa kwa nyuma.

Kuna na gari linalogoma ghafla, ukizima na kuwasha linapona, kesho linarudia. Kwenye magari ya pedali ya umeme kuna sensa mbili pale mguuni. Zikipingana, kompyuta inakataa kufungua throto. Hapo kubahatisha vipuri ni kupoteza hela, pima kwa mashine.

Ila kabla ya kwenda gereji, inama uangalie kapeti. Likisogea chini ya pedali, unakanyaga nusu tu.