Msanii Kuwa Mwekezaji wa Kampuni Changa Si Kibali cha Kukuuzia Hisa

Kila msimu wa korosho unapochanganya na malipo ya minada kuanza kuingia kwenye akaunti za wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa, malalamiko ya aina moja huongezeka mezani kwetu. Mwananchi amelipia hisa za kampuni changa ya teknolojia, pengine programu ya mikopo au ya kuuza mazao kwa simu, kwa sababu msanii au mchezaji anayempenda ametajwa kuwa mwekezaji au mshauri wake.

Ieleweke kwanza kwamba watu maarufu huwekeza kweli, na hatuna tatizo na hilo. Mwigizaji wa Marekani Ashton Kutcher na wenzake waliweka fedha Uber na Airbnb zikiwa bado changa. Mcheza tenisi Serena Williams ana mfuko wake wa uwekezaji, Serena Ventures, uliotangaza mwaka 2022 kuwa umekusanya dola milioni 111. Afrika tunaye mwanamuziki Mr Eazi wa Nigeria mwenye kampuni yake ya uwekezaji. Vijana wetu wa Mtwara na Lindi wanaotengeneza programu wanastahili mitaji ya namna hiyo, na msanii wa kwetu akiamua kuwashika mkono, tutafurahi.

Lakini jina la mtu maarufu huweza kukaa kwenye kampuni kwa sababu tofauti kabisa. Huenda ametoa fedha zake akapewa hisa. Huenda ni balozi, analipwa ili atangaze. Huenda hana habari, picha yake imechukuliwa tu mtandaoni. Na huenda ni mshauri, eneo ambalo wananchi wengi hawalielewi.

Mshauri wa kampuni changa kwa kawaida hatoi hata shilingi. Hupewa hisa chache, mara nyingi chini ya asilimia 1, na humfikia kidogo kidogo kwa mwaka mmoja au miwili kadiri anavyoendelea kutoa ushauri. Kampuni ikifa, amepoteza muda. Wewe uliyelipa kwa fedha za korosho umepoteza mtaji wa kupulizia mikorosho msimu ujao. Hata anayetoa fedha zake huwa na mwanasheria wa kupitia mkataba, na hugawa fedha kwenye kampuni nyingi akijua kwamba nyingi kati yake zitakufa. Ukimfuata kwa kuweka akiba yako yote kwenye kampuni moja, hujafanya alichofanya yeye.

Wenyewe pia huangukia pua. Tom Brady, nyota wa mpira wa Kimarekani, alikuwa balozi na mwanahisa wa FTX, soko la sarafu za kidijitali. Novemba 2022 FTX iliomba kinga ya kufilisika na hisa za Brady zikabaki karatasi. Mwezi mmoja kabla, mamlaka ya dhamana ya Marekani ilitangaza kwamba Kim Kardashian amekubali kulipa dola milioni 1.26 kwa kutangaza sarafu ya EthereumMax bila kusema kwamba alilipwa dola 250,000 kwa tangazo hilo. 

Sasa tuje kwenye sheria zetu. Chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002, kampuni binafsi haipaswi kuwa na wanahisa zaidi ya 50, ukiacha wafanyakazi, na hairuhusiwi kuualika umma kununua hisa zake. Kampuni changa karibu zote ni kampuni binafsi. Anayetaka kuuza hisa kwa umma lazima awe kampuni ya umma na awe na waraka wa matarajio, yaani maelezo rasmi ya kampuni na hisa inazouza, ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1994. Kwa hiyo tangazo la hisa za kampuni binafsi linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni kosa hata kama msanii aliye pichani ni mwekezaji halali.

Bado tunaambiwa, "Lakini wana cheti cha BRELA," yaani wakala wa serikali unaosajili kampuni. Cheti cha usajili kinathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa, basi. TIN inahusu kodi. Leseni ya biashara inahusu biashara. Hakuna hata kimoja kinachoruhusu kukusanya fedha za wananchi, na tumelisema hili mpaka kwenye viwanja vya Nanenane pale Ngongo. Ikiwa ni programu ya mikopo, uliza leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila kibali. Na ukiahidiwa faida ya uhakika kila mwezi kwa kuleta wenzako, huo ni upatu, kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Waliolizwa na upatu wa DECI mwaka 2009 wangali hai kukusimulia.

Kabla ya kulipa, omba jina kamili la kampuni na namba yake ya usajili. Fungua akaunti kwenye mfumo wa BRELA kwa njia ya mtandao kwa kutumia namba yako ya NIDA, kisha uombe taarifa rasmi za kampuni hiyo. Humo utaona wakurugenzi na wanahisa. Msanii anayedaiwa kuwa mwanahisa yumo? Angalia pia kama taarifa za mwaka zimewasilishwa. Ada ya kuziwasilisha ni shilingi 22,000 na kuchelewa hutozwa shilingi 2,500 kwa kila mwezi. Kampuni iliyoshindwa hata hilo kwa miaka kadhaa haina sababu ya kukuomba fedha.

Angalia na jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Tangazo moja tuliloletewa lilikuwa na picha ya msanii, nembo nzuri na maneno "hisa moja 50,000, zimebaki chache". Malipo yalikwenda kwenye laini ya mtu binafsi.

Anayejifanya mtu mwingine mtandaoni ili ajipatie faida anakabiliwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya faida aliyopata, kwa kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Anayesambaza taarifa akijua ni za uongo ili kupotosha umma anaguswa na kifungu cha 16.

Kama umekwisha kulipa, usifute chochote. Tunza ujumbe wa muamala, picha ya tangazo na mazungumzo yote, toa taarifa kwa mtandao wako wa simu haraka, kisha nenda kituo cha polisi ufungue jalada na upewe namba ya RB. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Siku chache baadaye unaweza kupigiwa na mtu anayesema atakurudishia fedha zako ukitanguliza ada ya kuzitoa. Usimlipe. Namba yake nayo ipeleke polisi, iingizwe kwenye jalada lile lile.