Kwa nini kamera hugoma nyumbu wanapoanza kuruka?

Tulikaa Kogatende, ukingoni mwa Mto Mara upande wa Serengeti, tangu saa mbili asubuhi hadi karibu saa sita. Nyumbu wanasogea, wanachungulia maji, wanarudi nyuma. Kisha mmoja akajitosa, na kundi zima likaporomoka nyuma yake. Nikabana kitufe cha kamera: ta-ta-ta-ta-ta, sekunde chache za raha, halafu… ta. Kimya. Ta. Kimya. Dereva wetu akageuka: "Bosi, mbona umeacha?"

Sikuwa nimeacha. Kamera ndiyo iliyoniacha mimi, kitaa chake chekundu kikiwaka kama kinanicheka, na mamba naye akachagua dakika hiyo hiyo kufanya alichokuja kufanya. Nilidhani kamera imekufa. Kumbe ilikuwa inasubiri memori kadi imalize kumeza.

Kama umewahi kupeleka mahindi mashineni, unalijua jambo hili tayari. Juu ya mashine ya kusaga kuna bakuli kubwa la bati. Unaweza kumwaga debe zima kwa mkupuo, lakini mashine inasaga kwa mwendo wake. Ukileta debe la pili kabla la kwanza halijapungua, utasimama nalo kichwani. Ndani ya kamera bakuli hilo huitwa bafa. Ni kumbukumbu ya haraka sana, jamaa wa RAM ya kompyuta, inayopokea picha kutoka kwenye sensa, kile kipande kinachonasa mwanga, kabla hazijaandikwa kwenye kadi. Likijaa, kamera haina pa kuweka picha inayofuata, hivyo inangoja.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Kamera ya pikseli (nukta za picha) milioni 24 inayorekodi biti 14 kwa kila pikseli huzaa megabaiti 42 kwa picha moja, maana biti 8 ni baiti moja. Kamera huibana bila kupoteza kitu. Tuseme faili ya RAW, yaani picha ghafi, inabaki na megabaiti 28. Kwa picha 10 kila sekunde, unamwaga megabaiti 280 kila sekunde. Kadi ya kawaida inaandika, tuseme, megabaiti 80 kwa sekunde. Zinazobaki, 200, zinarundikana kwenye bafa. Bafa ya megabaiti 1,000 itajaa ndani ya sekunde 5. Kuanzia hapo unapiga kwa kasi ya kadi, si ya kamera: 80 gawanya kwa 28, hata picha 3 kwa sekunde hazifiki.

Sasa weka kadi inayoandika 250. Kinachorundikana ni megabaiti 30 tu kwa sekunde, na bafa ile ile inachukua sekunde 33 kujaa. Kasi ya kadi imeongezeka mara tatu, lakini muda wa kubana kitufe umeongezeka zaidi ya mara sita. Na bafa ikishajaa, kadi ya kwanza inahitaji sekunde 12 na nusu kuimaliza yote, ya pili sekunde 4. Nyumbu hawasubiri sekunde 12.

Basi mtu anakwenda dukani, anaona kadi imeandikwa 200 kwa herufi kubwa, anatoa pesa, na kamera inagoma vile vile. Kwa nini? Kwa sababu namba hiyo kubwa, mara nyingi, ni kasi ya kusoma: kutoa picha kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta. Kasi ya kuandika, ile unayoihitaji mtoni, huchapwa kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti, au haichapwi kabisa.

Tofauti ya kusoma na kuandika si ujanja wa biashara tupu, ina mzizi wake ndani ya kadi. Kadi huhifadhi data kwenye vyumba vidogo mno vinavyonasa chaji ya umeme. Kadi nyingi za leo huweka biti 3 katika chumba kimoja, maana yake kila chumba lazima kiweze kuwa katika moja ya viwango 8 vya chaji. Kusoma ni kupima tu kiwango kilichopo. Kuandika ni kama kujaza glasi yenye mistari minane: unatia kidogo, unapima, unatia tena, unapima, mpaka uguse mstari bila kuupita. Kazi hiyo huchukua muda. Ndiyo maana kadi nyingi hutenga sehemu ya vyumba itumike kwa biti 1 tu, ambayo huandikwa haraka, halafu data huhamishwa baadaye. Sehemu hiyo ikijaa, kasi huporomoka. Kadi ya namna hiyo inaanza kama duma na kumaliza kama kobe.

(Teknolojia hii ilibuniwa Toshiba na Mjapani Fujio Masuoka katika miaka ya 1980. Jina lake, flash, linasemekana lilitoka kwa mwenzake wa kazini, ambaye aliona jinsi data inavyofutwa kwa mkupuo akakumbuka mwako wa taa ya kamera. Kwa hiyo kadi ilichukua jina la kamera kabla haijaingia ndani ya kamera.)

Kwenye kadi za SD, alama ya kuaminika zaidi ni herufi V na namba yake. V30, V60 na V90 ni ahadi ya kasi ya chini kabisa ya kuandika mfululizo: megabaiti 30, 60 au 90 kwa sekunde. Ziliwekwa kwa ajili ya video, lakini kadi inayoweza kushikilia V90 bila kuyumba kwa kawaida huandika picha kwa kasi kubwa zaidi ya hiyo. Alama ya C10 au U1 inaahidi 10 tu, U3 inaahidi 30. Usihadaike nazo.

Kuna alama nyingine ndogo, ya Kirumi: I au II. Hii haisemi kasi ya kadi bali upana wa mlango. Njia ya I, iitwayo UHS-I, inaishia megabaiti 104 kwa sekunde; ya II, yaani UHS-II, inafika 312. Kadi ya UHS-II utaijua kwa kuigeuza: ina safu mbili za vibati vya rangi ya dhahabu. Zile kadi za UHS-I zinazojitangaza 170 au 200 hutumia njia ya mtengenezaji mwenyewe inayohitaji kisoma kadi maalumu, na kamera yako haiijui njia hiyo.

Na mlango una pande mbili. Kadi ya UHS-II ndani ya kamera ya UHS-I hushuka mpaka kasi ya UHS-I, nawe umelipa mara mbili au tatu ya bei kwa ajili ya vibati usivyovigusa. Kuna hata kamera zenye milango isiyolingana: Sony A7 III ina nafasi mbili, moja UHS-II na nyingine UHS-I. Ukiiambia iandike picha kwenye kadi zote mbili kwa usalama, ile ya polepole ndiyo itakayoamua mwendo.

Kamera nyingi kubwa za michezo na wanyama zimehamia CFexpress, kadi za aina nyingine ambazo ndani yake zinafanana na diski za SSD, zile za haraka, za kompyuta mpakato. Katika toleo la 2.0, aina B hufika karibu megabaiti 2,000 kwa sekunde, aina A nusu yake. Hata huko shida haijaisha. Sony A9 III, iliyotangazwa 2023, hupiga picha 120 kwa sekunde, na kwa mwendo huo bafa hujaa ndani ya sekunde mbili hivi.

Ushauri wangu kwa mwenye kamera ya kawaida: fungua kitabu chake uone mlango ni upi, kisha nunua kadi bora ya mlango huo, hakuna zaidi. Ukiwa huna pesa ya kadi mpya, piga JPEG, picha ambayo kamera yenyewe imeibana zaidi. Faili ni ndogo mno kuliko RAW, na tatizo karibu lote huyeyuka. Wapo wapiga picha wa magazeti wanaofanya hivyo viwanjani, wala si kwa uvivu.

Ukishainunua, ijaribu nyumbani kabla ya safari. Elekeza kamera kwenye feni inayozunguka, weka kasi ya shata 1/1000 ya sekunde, bana kitufe na uhesabu sekunde mpaka sauti ibadilike. Yangu inadumu sekunde saba. Kwa hiyo siku hizi nyumbu wa kwanza nampiga picha tatu, nanyanyua kidole, na dereva ananiuliza tena mbona nimeacha.