Waondolee misukule, ndo utawajua askari wa mungu wa jua

Kila nikianza kampeni mpya hapa Tanga, yaani hadithi ndefu ya gemu la mezani la kuigiza na kurusha dadu, mi nikiwa msimulizi, lazima atokee mmoja anataka kucheza paladini wa jua, askari mtakatifu wa mungu wa jua. Deraya inameta, rungu begani, mungu wake mpole hana makuu, anaponya wagonjwa na kulisha maskini, halafu paladini mwenyewe kazi yake kupasua vichwa. Sikatai, hao karakta nawapenda mno. Ila wengi wanawacheza wakiwa nusu, na kosa si lao, gemu lenyewe limewafichia kitu.

Tuanze na Pelor maana ndo maarufu. Huyu ni mungu wa jua wa Greyhawk, dunia ya kubuni ya Gary Gygax, mmoja wa waliotunga gemu letu, na toleo la tatu la gemu hilo, Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, likamtia kwenye kitabu cha wachezaji kama mungu wa kawaida kabisa, ndo maana hata ambaye hajui Greyhawk ni nini Pelor anamjua. Jua, mwanga, nguvu, uponyaji. Msimamo wake ni wema basi, hana habari na sheria wala na vurugu. Ila paladini wa toleo hilo alilazimika awe mwema na mtu wa sheria kwa pamoja. Kwa hiyo mungu anakwambia saidia watu, askari wake anakwambia pangeni foleni kwanza ndo msaidiwe. Ugomvi mzuri tu huo na upo kwenye shiti, ile karatasi ya karakta, tangu siku ya kwanza, ila wachezaji wanaupita kama hawajauona.

Sasa mungu mpole jeshi la nini? Jibu la gemu ni misukule. Maiti zinazotembea, mifupa yenye panga, wanyonya damu. Katika toleo la tatu kuhani wa jua alipewa uwezo, mara moja kwa siku, badala ya kuwafukuza misukule anawateketeza palepale. Tamu sana hiyo, na ni salama mno, kwa sababu msukule hana mke wala mtoto, hasalimu amri, hakuombi maji, hakuna wa kumlilia. Unaweza kucheza kampeni nzima ukaua mamia na upole wa mungu wako haujajaribiwa hata siku moja.

Halafu angalia kilichotokea toleo la tano, kitabu cha 2014. Kuhani wa mwanga akifika levo ya pili anapata uwezo wa kuwasha alfajiri mwilini mwake: giza la kichawi linafutika, na kila adui ndani ya futi 30 anaungua, dadu mbili za pande kumi jumlisha levo yako, akirusha dadu ya kujiokoa akafanikiwa anaungua nusu. Kila adui! Hakuna tena cha msukule wala binadamu. Na kuna sheria nyingine watu hawaifikirii, kumzimisha mtu bila kumuua inaruhusiwa kwa pigo la mkononi tu. Rungu linaweza kusamehe, mwanga wa mungu mpole hauwezi. Sijui kama waandishi walikusudia, ila mi nimeishikilia hiyo na siiachii.

Mezani kwetu Ngamiani ilitokea hivi. Kikosi kimeingia kwenye pango, nililichora kwa kuiga Amboni, popo na kila kitu, ndani kuna majambazi wa kawaida, wale wa pointi 11 za uhai. Kuhani levo ya tano anawasha. Dadu zinasoma tisa na saba, jumlisha tano, 21. Wote chini isipokuwa kijana mmoja, nimemrushia ya kujiokoa ikaja 14, ongeza moja, 15, ndo hasa alichohitaji, kwa hiyo anakula nusu, kumi, anabaki na pointi moja. Nikasema tu: nyusi zimeungua, ametupa kisu, kapiga magoti, analia anamwita mama yake. Meza kimya. Kisha zogo. Mmoja anasema mfunge, mwingine anasema tutamlisha nini, na mwenye kuhani akanijibu kwa dharau kabisa, "Kaka, mungu wangu ndo mwema, mi nina haraka." Nilicheka, ila hiyo ndo sentensi ya kwanza ya kweli aliyowahi kusema huyo kuhani.

Hapo ndo nawapenda Paizo, kampuni ya gemu jingine la aina hii, Pathfinder. Sarenrae wao wa Pathfinder ni mungu wa kike wa jua, uponyaji na kuwapa watu nafasi ya kutubu, silaha yake kitara, na Kyra, yule kuhani unayemuona kwenye picha za vitabu vyao, ni mtu wake. Toleo la kwanza la Pathfinder lina kijisifa cha wafuasi wake kinachokuruhusu kupiga kwa upanga bila kuua, bila kukatwa zile pointi nne za kawaida kwenye dadu ya kupiga. Yaani huruma imeandikwa ndani ya hesabu. Na hata hivyo huyohuyo Sarenrae aliwahi kukasirika akaipiga Gormuz, mji mzima, kwa sababu watu wake walishageukia upande wa Rovagug, mungu wa uharibifu, na pigo hilohilo likafungua ufa mpaka kule alikofungiwa Rovagug mwenyewe, na mazimwi yakatokea humo. Kule Qadira, nchi ya dunia hiyohiyo, napo kuna madhehebu yake ya kijeshi yanayotaka kuieneza dini kwa kitara. Mungu mmoja, huruma na jeshi ndani yake.

Lathander naye wa Forgotten Realms, dunia nyingine ya gemu lile la Gygax, ni mungu wa alfajiri, ujana, mianzo mipya, jitu la furaha tupu. Aliwahi kutaka kuipanga upya miungu yote iwe anavyoona yeye ni vizuri, ikaishia kwenye balaa ambalo miungu wenzie waliangamia. Hakuwa na nia mbaya. Ndo kinachonitisha.

Najua kuna utani wa miaka mingi mtandaoni kwamba Pelor kwa siri ni muovu. Unachekesha, ila mezani naukataa, kwa sababu ukishasema mungu ni muovu kila kitu kimerahisika, askari wake wamedanganywa, kwisha habari. Mwache awe mwema kwelikweli, tabu ianzie kwa watu wake.

Halafu ndugu zangu tukumbuke gemu hili la Gygax limetungwa Lake Geneva, Wisconsin, kwenye theluji, kule jua likitoka watu wanalifurahia. We simama barabarani Tanga saa saba mchana mwezi wa pili uniambie habari za jua mpole. (Mama wa mchezaji mmoja alituuliza siku moja kama tunaabudu jua, mwanawe akamjibu, mama, jua hili? Akacheka akatuletea kashata.) Kwa hiyo kwenye kampeni yangu askari wa jua wanapiga doria mchana wa jua kali wakati mtaa mzima umejificha, kwa sababu anayetembea kivulini wao wanamuona ana la kuficha. Wanaponya bure, hawaibi, hawadanganyi. Na wakifika kijijini wanakata miembe yote, ili mwanga umfikie kila mtu.

Sikuhitaji kumwambia mchezaji yeyote nani adui. Wachezaji wangu, ambao misukule walikuwa wanaua huku wanatafuna mihogo, walikwenda kusimama chini ya mwembe wa mwisho na silaha mkononi, na kapteni wa jua akawasihi kwa upole kabisa watoke asije akawaumiza. Yule kuhani wetu akajitokeza mbele, nembo ya jua kifuani, akamuuliza kapteni wagonjwa aliowaponya asubuhi atawalaza wapi mchana. Kapteni akasema juani. Tukarusha dadu za kuanza vita.