Je, wajua kwa nini mashujaa walioharibikiwa hupendwa, na hukasirikiwa, kuliko wakamilifu?

Katika mitaa ya Moshi iliyo karibu na soko la Mbuyuni yapo maduka madogo ambamo mteja huingia na flashi mfukoni, akataja tamthilia anayoitaka, kisha akakaa kwenye benchi akisubiri mwenye duka amalize kuinakili. Kwamba nakala hizo haziwalipi chochote walioitolea jasho kazi yenyewe ni jambo baya, na sitalitetea. Ila mazungumzo ya kwenye benchi lile yanafundisha. Anayetaka habari za shujaa mkamilifu, yule ambaye risasi haimpati wala nguo haimchafuki, huchukua mzigo wake akaenda zake. Akitokea mtu wa kuulizia The Umbrella Academy, tamthilia ya ndugu saba wenye nguvu za ajabu wasioweza kukaa meza moja bila kugombana, benchi hugeuka baraza. Hubishaniwa nani alimkosea nani, baba yao alistahili kuzikwa kwa heshima au la, na, kwa sauti ya juu kuliko zote, kwa nini waandishi waliimaliza vile walivyoimaliza. Mbona shujaa aliyenyooka hapati hata nusu ya mapenzi hayo, wala nusu ya hasira hiyo?

Tarehe 15 Februari 2019 zilianza kuonyeshwa, siku hiyo moja, tamthilia mbili za mashujaa wa namna hii. Ya kwanza, Doom Patrol, ilitolewa na DC Universe, huduma ya kutazama tamthilia mtandaoni iliyokuwa ikipatikana Marekani tu, ndiyo maana huku kwetu wanaoijua si wengi. Inahusu watu waliopatwa na mikasa ya kutisha wakakusanywa katika jumba moja na mwanasayansi wa kiti cha magurudumu. Yumo Cliff Steele, dereva wa magari ya mashindano ambaye mwili wake uliangamia ukabaki ubongo tu, nao ukapandikizwa ndani ya roboti, hivi kwamba hahisi tena mguso wa mkono wala ladha ya chakula. Yumo Rita Farr, mwigizaji wa sinema wa miaka ya 1950, ambaye mwili humlegea na kumwagika kama uji kila anapopatwa na hofu. Yumo Larry Trainor, rubani aliyeficha kwa miaka kwamba alimpenda mwanamume mwenzake, ambaye sasa amezongwa bendeji mwili mzima huku akikaliwa na kiumbe asichokitawala. Na yumo Jane, ambaye ndani yake wanaishi watu 64, kila mmoja na uwezo wake. Mhusika mwingine ni mtaa. Si jina la mtu, ni mtaa hasa, wenye maduka na taa, unaofikiri, unaozungumza kwa maandishi ya kwenye vibao vyake, na unaohama mji hadi mji ukiwapa hifadhi waliokataliwa kwingine.

Ya pili ndiyo hiyo ya ndugu saba, iliyopita Netflix, huduma iliyofika Tanzania mwaka 2016. Tarehe 1 Oktoba 1989, wanasimulia, wanawake 43 ambao asubuhi hawakuwa na mimba walijifungua siku hiyohiyo, na tajiri mmoja, Reginald Hargreeves, akawachukua saba kati ya watoto hao, akawalea kama kikosi cha jeshi na kuwaita kwa namba badala ya majina. Kisa kinapoanza, watoto hao ni watu wazima, wametawanyika, wengine hawajasemezana kwa miaka, na kinachowarudisha chini ya paa moja ni msiba wa baba.

Hapo ndipo mtazamaji wa Moshi anapokaa vizuri kwenye kiti chake. Nani kati yetu hajaona ndugu waliopishana kwa miaka wakikutanishwa na jeneza, wakalia pamoja siku mbili, na siku ya tatu, wageni wakiwa hawajaisha uani, wakaanza kuulizana juu ya kihamba, yaani shamba la ukoo? Kila Desemba mabasi hupanda kuelekea Marangu, Machame, Kibosho na Rombo yakiwa yamejaa watu wanaofurahia kwenda nyumbani na papo hapo wakihofia watakayemkuta huko. Kaka wa kwanza aliyebaki na mzee akisubiri sifa ambazo mzee hakuwahi kuzitoa tunamfahamu. Katika tamthilia ndiye Luther, aliyetumwa mwezini miaka minne akapeleka ripoti baada ya ripoti, halafu akazikuta zote nyumbani hazijafunguliwa. Mdogo aliyeambiwa tangu utotoni kwamba yeye hana kipaji naye tunamfahamu. Mle ndani yeye ndiye namba saba, ambaye nguvu zake zilikuwa kubwa kuliko za wote, na baba, kwa kuziogopa, akazizima kwa vidonge na uongo.

Lakini kusema kwamba tunawapenda kwa kuwa wanafanana nasi hakutoshi. Jirani yangu anafanana nami pia, wala sikeshi nikimtazama.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani Elliot Aronson na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi wa chuo kikuu kanda za mtu aliyekuwa akijibu maswali magumu ya chemshabongo. Katika baadhi ya kanda alijibu sawasawa asilimia 92 ya maswali. Katika nyingine alipata asilimia 30 tu. Kisha, katika nusu ya kanda, vikasikika vishindo na mtu huyo akilalamika kwamba amejimwagia kahawa kwenye suti yake mpya. Yule hodari aliyejimwagia kahawa alipendwa kuliko hodari asiyejimwagia. Wengi hunukuu matokeo hayo wakaishia hapo, wakitangaza kwamba kasoro huleta mapenzi. Nusu ya pili huachwa: yule dhaifu, alipojimwagia kahawa ileile, alipendwa pungufu zaidi.

Kwa hiyo kasoro peke yake hainunui kitu. Inamfaa aliyekwisha kuonyesha uwezo, kwa kuwa inamshusha kutoka kwenye kilele ambako hatukuweza kumfikia. Hii ndiyo sababu nguvu za ajabu ni za lazima katika hadithi hizi, ingawa mara nyingi hazitatui chochote. Mwondolee Jane uwezo wake, utabaki na habari ya msichana aliyeumizwa na baba yake, habari ambayo watu wengi, tukiri, wangeigeuzia uso. Mpe uwezo bila jeraha, naye atakuwa kama sanamu ya uwanjani, unayoipita kila siku bila kuitazama.

Watunzi wetu wa zamani walilijua hilo pasipo kanda wala kahawa. Fumo Liyongo anasimuliwa kuwa na nguvu zisizo na mfano, asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Na aliyepewa sindano hiyo na mtawala wa Pate hakuwa askari, alikuwa mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa mke. Nguvu za Liyongo ndizo zinazoanza kutushangaza. Kinachotubakiza hadi beti za mwisho ni nyumba yake kumgeuka.

Mashujaa wa 2019 wanakwenda hatua moja mbele ya Liyongo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo kwa maoni yangu: kwao jeraha na nguvu ni kitu kimoja. Kwa Liyongo nguvu ziko mwilini na udhaifu uko kitovuni, mbalimbali. Klaus, namba nne wa akina Hargreeves, anaweza kusema na wafu, na kwa sababu hiyohiyo hutumia dawa za kulevya, ili wafu wanyamaze. Utotoni baba yake alimfungia kwenye nyumba ya makaburi ili azoee. Dada yake Allison akisema neno huwa, na kwa neno hilo alimlaza mtoto wake usiku hadi akapokonywa haki ya kumlea. Rita huyeyuka kwa aibu ya aliyoyatenda. Mtazamaji hawezi kuwatakia wapone bila kuwatakia wapungukiwe, na mkanganyiko huo humrudisha kwenye kiti, sehemu baada ya sehemu. Hata akina baba wanafanana: mwishoni mwa msimu wa kwanza wa Doom Patrol inafichuka kwamba yule mwanasayansi mlezi ndiye aliyepanga mikasa iliyowaharibu aliokuja kuwatunza.

Kufanana huko kuna nasaba. Doom Patrol ilizaliwa kama hadithi ya katuni mwezi Juni 1963, ikiwa kazi ya Arnold Drake, Bob Haney na mchoraji Bruno Premiani, miezi mitatu kabla ya X-Men, kundi jingine la waliotengwa lenye kiongozi wa kiti cha magurudumu. Mabishano juu ya nani alimwiga nani hayajaisha hadi leo. Mwaka 1989 mwandishi kutoka Scotland, Grant Morrison, aliipokea akaigeuza kuwa ya kiajabuajabu kweli, na miongoni mwa walioipenda ni Gerard Way, mwanamuziki wa bendi ya My Chemical Romance, ambaye mwaka 2007 alitoa The Umbrella Academy kama hadithi ya katuni pamoja na mchoraji wa Brazili Gabriel Bá.

Sasa hasira. Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na Richard Wohl waliandika kwamba mtu anayemwona mwingine kwenye televisheni mara kwa mara hujenga naye uhusiano unaofanana na wa watu wanaojuana, ijapokuwa ni wa upande mmoja. The Umbrella Academy ilianza Februari 2019 na kumalizika Agosti 2024: miaka mitano na nusu, sehemu 36, na kati ya msimu na msimu vipindi virefu ambavyo mtazamaji hana la kufanya ila kuwawaza watu wale. Anayekwambia kwamba hao si watu wa kweli anasema kweli, na hasaidii chochote.

Msimu wa nne ulikuwa na sehemu sita tu, na ulileta mambo mawili yaliyowachoma mashabiki. La kwanza ni dogo, ingawa kwenye benchi la Mbuyuni ndilo linaloanza kutajwa: Five, mmoja wa ndugu, anapotea kwa miaka na Lila, mke wa ndugu yake Diego, na wawili hao wanapendana. Utani wa shemeji una mpaka, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kwamba ulivukwa.

La pili ndilo zito. Mwishoni ndugu wanaelezwa kwamba kuwapo kwao ndiko kunakoivunja dunia tena na tena, kwa hiyo wanashikana mikono na kukubali kufutika. Hawafi tu. Wanaondolewa katika historia, kana kwamba hawakuzaliwa kamwe, na dunia iliyosalia haina anayewakumbuka. Wapo waliouona mwisho huo kuwa wa ujasiri, na hoja yao ina uzito, kwani hadithi ilikuwa imeonyesha tangu mwanzo kwamba kila jaribio lao la kuokoa dunia liliiangamiza. Wengi zaidi waliona wametukanwa. Kwa misimu mitatu waliambiwa kwamba aliyeharibikiwa anaweza kuishi na uharibifu wake iwapo wenzake watabaki naye. Katika sehemu ya mwisho wakaambiwa kwamba ingekuwa heri asingekuwapo. Aliyejiona katika namba saba alielewa neno hilo limeelekezwa kwa nani.

Kuona kwamba tatizo si kifo, linganisha na miisho ya Doom Patrol. Mwaka 1968, mauzo ya Doom Patrol yalipoanguka, Drake aliwaua mashujaa wake wote katika toleo la mwisho: walitakiwa kuchagua kati ya maisha yao na ya watu 14 wa kijiji cha wavuvi wasiowajua, wakachagua wavuvi. Wasomaji walihuzunika, na huzuni hiyo ikageuka sifa ya kundi lile kwa vizazi. Tamthilia nayo ilipofika mwisho Novemba 2023, baada ya sehemu 46, ilimuua Rita akiwa miongoni mwa wenzake waliomlilia, na waliosalia wakashika kila mmoja njia yake. Mashabiki walilia, wakashukuru.

Tofauti ni kaburi. Kwa desturi ya Wachagga marehemu huzikwa kwenye ardhi ya ukoo, migombani, ili wajukuu wapite hapo kila siku na kujua nani amelala wapi, hata kama aliyelala hapo alikuwa mlevi, mgomvi, au mtu aliyeuza ng'ombe wa baba yake bila ruhusa. Anasemwa, anachekwa, na hafutwi. Mtu aliyelelewa na mtazamo huo anapoona ndugu saba, pamoja na makosa yao yote, wakiondoka bila hata jina la kuachwa kwenye mbao, hakasirikii hadithi mbaya tu. Anaona msiba usiofanyiwa matanga.

Siku niliyoingia mimi na flashi yangu, mwenye duka aliniuliza, kama anavyomuuliza kila anayeitaka tamthilia ile, kama aniwekee misimu yote minne au aishie wa tatu. Kijana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa amechukua mitatu. Mimi nilichukua minne, na huo wa nne bado sijaufungua mara ya pili.