Je, wajua kwa nini mkopo wa nyumba kwa Kiingereza huitwa "rehani iliyokufa"?

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu benki kutia saini mkopo wa kununulia nyumba. Ofisa mikopo, kijana mpole tu, alikuwa akisoma masharti haraka haraka: mogeji hivi, kolatero vile. Shangazi akamkatiza.

"Mwanangu, mogeji ndiyo nini?"

"Mama, mogeji ni mogeji. Ile ya nyumba."

Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba shida ilikuwa masikio. Tukaomba muda, tukatoka kukaa kwenye benchi la wanaosubiri, nami nikaanza kumweleza ninachokijua kuhusu maneno haya. Watu wengi hutia saini wasichokielewa kwa kuona haya kuuliza. Inaniuma, kwa sababu karibu kila neno kubwa la fedha la Kiingereza lilianza kama kitu cha kushikika: benchi, mfuko, kijiti.

Tuanze na mogeji yenyewe. Ni maneno mawili ya Kifaransa cha kale yaliyogandamana. "Mort" ni kufa, na "gage" ni dhamana, kile unachomwachia mwenzako mpaka umlipe. Waingereza walilirithi kwa Wanormandi walioiteka nchi yao mwaka 1066, kwani kwa karne kadhaa baada ya hapo Kifaransa ndicho kilichotawala mahakamani. Basi ni dhamana iliyokufa. Lakini kilichokufa ni nini?

Jibu la kwanza limo katika kitabu cha sheria cha Uingereza cha mwishoni mwa miaka ya 1180, kilichozoeleka kuitwa kwa jina la Glanvill, jaji mkuu wa Mfalme Henry II. Nilimweleza shangazi kwa mfano wa minazi. Umekopa fedha, ukamkabidhi mkopeshaji shamba lako la minazi. Analishika yeye, anaangua yeye. Kama thamani ya kila nazi inayoangushwa inapunguzwa kwenye deni lako, hiyo ni rehani hai, maana shamba linafanya kazi kwa niaba yako. Kama nazi anakula yeye na deni linabaki palepale, rehani hiyo imekufa. Miaka inapita, mavuno yanakwenda, na siku ukitaka shamba lako unadaiwa kiasi kilekile ulichokopa siku ya kwanza.

Shangazi alisema neno moja tu: "Riba." Ndivyo walivyoona na wao. Mtaguso wa Kanisa uliokutana Tours, Ufaransa, mwaka 1163 uliwakataza makasisi kukopesha kwa njia hiyo, na kitabu cha Glanvill kinaihesabu kuwa aina ya riba, ingawa mahakama ya mfalme haikuizuia. Msomaji wa mwambao hatashangaa. Neno letu rehani limetoka kwenye Kiarabu, na mafakihi wa Kiislamu wamejadili kwa karne nyingi jambo hilohilo: je, aliyeshika rehani ana haki ya kula matunda yake? Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa na mlango wake, bei khiyari. Mwenye shamba "analiuza" kwa mkopeshaji kwa sharti la kulinunua tena, na mara nyingi anabaki palepale shambani akilipa kodi. Kwenye karatasi hakuna riba, kuna mauzo na upangaji. Mashamba mengi ya karafuu yalipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa njia hiyo.

Jibu la pili ni la Thomas Littleton, jaji wa karne ya 15. Kwake yeye, mkopaji asipolipa siku ya ahadi, ardhi imekufa kwake; akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Mwanasheria Edward Coke alilifafanua jibu hilo katika kitabu chake cha mwaka 1628, na ndilo wanalolirudia watu hadi leo. Mimi naliona la Glanvill kuwa na uzito zaidi, kwa kuwa liko karibu zaidi na kuzaliwa kwa neno na linaonyesha maumivu yalipokuwa. Ila kwa mkopo wa shangazi, ambaye angeishi ndani ya nyumba yake huku akilipa kila mwezi, la Littleton ndilo linalofaa.

Sasa lile benchi. Wabadilishaji fedha wa miji ya Italia walikaa sokoni na meza au benchi, wakaliita banco. Kutoka hapo ndipo ikaja benki. Waitaliano nao walilipata neno kwa makabila ya Kijerumani, na kwenye mzizi huohuo wa Kijerumani ndipo Kiingereza kilipopata "bench". Kwa hiyo benki na benchi, yote mawili tuliyoyapokea kwenye Kiswahili, ni ndugu wa tumbo moja. Na mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa madeni alikuwa banca rotta, benchi lililovunjika. Waingereza wakalifanya "bankrupt".

Sisi tunasema kafilisika, na neno hilo ni tamu pia. Kwa Kiarabu, muflisi ni mtu aliyekuwa na dirhamu za fedha akabaki na fulusi, sarafu duni za shaba. Fulusi nayo imepitia Kigiriki kutoka neno la Kilatini "follis", mfuko wa ngozi.

Mfuko wa ngozi unatuleta kwenye bajeti. Kwa Kifaransa cha kale "bougette" ni kimkoba cha ngozi. Waziri wa fedha wa Uingereza alipokwenda bungeni kusema mapato na matumizi, ilisemwa kwamba anafungua mkoba wake. Mwaka 1733 kikatoka kijitabu cha kumpinga waziri huyo wa wakati ule, Robert Walpole, chenye jina linalomaanisha "Mkoba Umefunguliwa". Kila Juni, mawaziri wetu wa fedha wanapopigwa picha wakiinua mikoba yao nje ya bunge, wanalifasiri neno bajeti kwa mikono.

Ninalolipenda kuliko yote ni "stock", lile la soko la hisa. Maana yake ya kale ni gogo, shina la mti. Hazina ya Uingereza iliweka kumbukumbu za fedha kwa vijiti vilivyochanjwa, na kitabu cha karne ya 12 kuhusu Hazina hiyo kinaeleza vipimo. Pauni 1,000 ni chanjo pana kama unene wa kiganja. Pauni 100, upana wa kidole gumba. Pauni 20, kidole cha mwisho. Pauni 1, punje nono ya shayiri. Peni moja ni mkato tu, bila kutoa kipande cha mti. Kisha kijiti kinapasuliwa kwa urefu, kila upande ukabaki na nusu ya kila chanjo. Kipande kirefu, kiitwacho "stock", alikaa nacho aliyetoa fedha. Kifupi alichukua mwenzake. Siku ya hesabu vinalinganishwa. Chanjo zisipokutana, kuna mtu kadanganya. Hata asiyejua kusoma alilindwa, jambo ambalo fomu za shangazi za kurasa nyingi haziliwezi.

Vijiti hivyo viliachwa mwaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 marundo yake yakachomwa kwenye matanuru yaliyo chini ya bunge mjini London. Moto ukazidi, jengo la bunge likateketea.

Dola nalo lina kwao. Mwaka 1520 zilianza kupigwa sarafu za madini ya fedha huko Joachimsthal, bonde la migodi katika nchi ambayo leo ni Czech. "Thal" kwa Kijerumani ni bonde, na sarafu ikaitwa thaler, "ya bondeni". Kiingereza kikaifanya "dollar". Jamaa yake mmoja, thaler ya Maria Theresa yenye mwaka 1780 usiobadilika, ilitumika Zanzibar kwa jina la riale. Wala tusichanganye: dola ya "vyombo vya dola" ni neno la Kiarabu la utawala, halina undugu na noti ya Marekani.

Na kolatero? "Latus" kwa Kilatini ni ubavu. Ni kile kinachosimama ubavuni mwa ahadi yako ili uaminiwe.

Tuliporudi ndani, shangazi alivaa miwani yake na kuweka kidole kwenye neno mogeji juu ya karatasi.

"Mwanangu, hii inakufa lini?"

Kijana akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Akageuza kurasa. "Baada ya miaka 15, mama, ukimaliza kulipa."

"Niandikie tarehe."

Akaiandika pembeni kwa kalamu.

"Na nikitaka kuiua mapema, mnanitoza nini?"

Hapo kijana akavuta kiti karibu, akaanza kumsomea kifungu kwa kifungu, polepole.