Je, wajua kwa nini homoni ileile humpandishia mwanamke mmoja kolesteroli nzuri maradufu ya mwenzake?

Wanawake wawili wamekoma hedhi. Umri wao unalingana, uzito unalingana, na kila siku wanameza kidonge kilekile cha estrojeni. Wakipimwa damu baada ya muda, mmoja HDL yake, ile kolesteroli inayoitwa nzuri, imeruka juu. Ya mwenzake imesogea kidogo tu. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani wakiongozwa na David Herrington walichapisha jibu moja la fumbo hili: tofauti ya herufi moja katika jeni ya kipokezi cha estrojeni. Jibu hilo lilisambaa haraka, na hadi leo linatumika kuuza vipimo vya jeni. Ni vizuri kulifahamu kwa undani, kwa sababu sehemu yake ni elimu nzuri na sehemu yake haikusimama ilipojaribiwa tena.

Tuanze na kipokezi chenyewe. Estrojeni huzunguka na damu hadi kila kiungo, lakini haiwezi kufanya lolote kwenye seli isiyo na protini ya kuipokea. Iliyo muhimu zaidi kwenye ini ni kipokezi cha estrojeni alfa, protini yenye asidi za amino 595. Jeni inayoitengeneza huitwa ESR1, nayo iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 6. Kuna ndugu yake, kipokezi beta, aliyegunduliwa mwaka 1996, ambaye jeni yake ESR2 iko kwenye kromosomu ya 14. Estrojeni ni ya jamii ya mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli bila kubisha hodi. Ikimkuta kipokezi, vipokezi viwili hushikana, vinakaa juu ya DNA na kuwasha baadhi ya jeni huku vikizima nyingine.

Kwenye ini, jeni zinazoguswa ni zile zinazoamua kolesteroli itakwenda wapi. Kwanza, ini huongeza vipokezi vya LDL, ile kolesteroli inayoitwa mbaya, kwenye uso wa seli zake. Hivi ni vipokezi vya aina nyingine kabisa, kazi yake ni kunasa chembe za LDL kutoka kwenye damu na kuziingiza ndani zikavunjwe. Vikiwa vingi, LDL ya damu hushuka. Pili, ini hutengeneza kwa wingi protini iitwayo apo A-I, ambayo ndiyo mhimili wa chembe ya HDL. Tatu, kimeng'enya cha ini kinachokata mafuta ya HDL hupunguzwa, hivyo HDL hukaa muda mrefu zaidi kwenye damu. Nne, na hili wengi hawaambiwi, ini humwaga kwenye damu trigliseridi nyingi zaidi, yaani mafuta ya aina nyingine. Ndiyo maana njia ya kutumia homoni ina uzito: kidonge kinachomezwa hutoka tumboni na kupitia ini kwanza kikiwa na nguvu zake zote, wakati bandiko la ngozini huingia kwenye damu moja kwa moja, na athari yake kwa HDL na trigliseridi huwa ndogo zaidi.

Sasa herufi yenyewe. Jeni ESR1 ni ndefu sana, na sehemu kubwa yake ni introni, yaani maandishi yanayokatwa na kutupwa kabla protini haijatengenezwa. Ndani ya introni ya kwanza kuna mahali ambapo watu wengine wana herufi T na wengine C. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, kwa hiyo utakuwa TT, TC au CC. Protini inayotoka ni ileile kwa wote watatu. Kinachodhaniwa kubadilika ni kiasi chake: toleo la C hutengeneza mahali ambapo protini nyingine inayoamsha jeni, B-Myb, inaweza kukaa.

Maabara nyingi zilisoma herufi hii kwa mkasi wa kibaolojia uitwao PvuII, kimeng'enya kinachokata DNA popote kinapokuta CAGCTG. Kipande cha jeni hunakiliwa mara nyingi hadi kiasi kitoshe, kisha mkasi huwekwa ndani na mchanganyiko huachwa kwenye joto la nyuzi 37. Mwenye T ana maandishi kamili, kwa hiyo kipande chake hukatwa viwili. Mwenye C ana CAGCCG, mkasi haukioni, kipande hubaki kizima. Vipande vikiburutwa kwa umeme kwenye jeli, CC huonekana kama mstari mmoja juu, TT mistari miwili chini, na TC mistari yote mitatu. Kosa la kawaida linajificha hapo hapo: kimeng'enya kikiwa kimechoka, au DNA ikiwa chafu, ukataji hauishi. Sampuli ya TT hubakiza mstari hafifu juu, na msomaji anaandika TC. Maabara makini huweka pembeni sampuli ambazo aina yake inajulikana tayari, na hurudia sehemu ya sampuli bila kuangalia jibu la kwanza.

Turudi kwa wale wa 2002. Walichunguza wanawake 309 waliokwisha koma hedhi na ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Wengine walipewa miligramu 0.625 za estrojeni kwa siku, wengine estrojeni hiyo pamoja na miligramu 2.5 za projestini, homoni nyingine ya kike, na wengine kidonge kisicho na dawa. Asilimia 18.9 walikuwa CC. Hawa, wakitumia homoni, HDL yao ilipanda kwa 13.1 mg/dL, na ya wenye TT au TC waliotumia homoni kwa 6.0 tu. Kwa kipimo cha mmol/L ni kama 0.34 dhidi ya 0.16. Si tofauti ndogo.

Lakini hebu fanya hesabu. Asilimia 18.9 ya 309 ni wanawake 58. Wagawe kwenye makundi matatu, unabaki na kama 20 kila kundi. Kundi dogo hivyo likiwa na wanawake watatu au wanne ambao HDL yao imepanda kwa sababu nyingine kabisa, wastani mzima huyumba. Tena jeni ina mamia ya mahali pa kupimwa. Ukipima mengi, hata bahati nasibu itakupa moja linaloonekana la maana. Dawa ya ugonjwa huu ni moja: rudia kwa watu wengi. Mwaka 2007 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya herufi hiyohiyo kwa watu zaidi ya 9,000 wa kawaida, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Haikuonekana kubadili HDL, haikubadili jinsi HDL ya wanawake inavyoitikia homoni, wala haikuongeza au kupunguza ugonjwa wa moyo.

Je, ina maana kipokezi hakina kazi? Hapana, na ushahidi ni mtu mmoja. Mwaka 1994 madaktari walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye nakala zake zote mbili za ESR1 zilikuwa zimeharibika. Alikuwa na urefu wa sentimita 204 na mifupa yake ilikuwa bado inarefuka, na baadaye ateri ya moyo wake ikakutwa na dalili za ugonjwa mapema mno. Kipokezi kikikosekana kabisa, mwili unaonyesha wazi. Herufi moja kwenye introni ni jambo jingine, ni kama kuongeza au kupunguza sauti ya redio kidogo, na mwili una vitufe vingine vingi vya kurekebisha.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Hata HDL ikipanda kweli, je, moyo unanufaika? Wengi wa wanawake walewale 309 walipigwa picha za mishipa ya moyo mwanzoni na mwishoni. LDL ilikuwa imeshuka, HDL imepanda, lakini kuziba kwa mishipa kuliendelea kama kwa waliomeza kidonge kisicho na dawa. Mwaka 1998 utafiti wa HERS, wenye wanawake 2,763 waliokuwa na ugonjwa wa moyo, ulionyesha vilevile: LDL chini kwa asilimia 11, HDL juu kwa asilimia 10, mshtuko wa moyo haukupungua. Julai 2002 utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, wenye wanawake 16,608, ulisimamisha mchanganyiko wa estrojeni na projestini kabla ya wakati, kwa kuwa madhara yalizidi faida: kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, 7 zaidi walipata ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo homoni za ukomo wa hedhi zina kazi yake, hasa kwa mwanamke anayeungua joto usiku na kukosa usingizi, lakini hazimezwi kwa ajili ya kutengeneza namba za kolesteroli. Namba ya HDL kwenye karatasi ni dalili, na dalili inaweza kubadilika bila ugonjwa kubadilika. LDL ndiyo iliyothibitika kuziba mishipa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna tahadhari ya ziada. Herufi kama hii mara nyingi hutumika kama alama tu, ikisimama badala ya tofauti nyingine iliyo jirani yake kwenye kromosomu. DNA ya Waafrika ina utofauti mwingi kuliko ya watu wa mabara mengine, na vipande vinavyorithiwa pamoja ni vifupi zaidi. Alama iliyoshikana na jirani yake kwa mwanamke wa Copenhagen inaweza kuwa imeachana naye kwa mwanamke wa Mwanza au Kisumu. Kampuni inayokuuzia kipimo cha ESR1 ili ikupangie mlo au homoni inatumia takwimu ambazo kwanza hazikusimama, na pili hazikukusanywa kwa watu wako.

Kinachosogeza kolesteroli ya mwanamke kwa uhakika ni mabadiliko ya homoni zenyewe. Kubwa kuliko yote ni kukoma hedhi. Wanawake waliopimwa mwaka hadi mwaka nchini Marekani walionyesha kwamba LDL haipandi polepole na umri pekee, hupanda kwa kishindo kuanzia mwaka mmoja kabla ya hedhi ya mwisho hadi mwaka mmoja baada yake. Mwanamke wa miaka 50 aliyekuwa na majibu mazuri akiwa na 45 asiyategemee, apime upya. Ujauzito nao hupandisha kolesteroli na trigliseridi sana, ni jambo la kawaida, na kipimo cha maana husubiri angalau wiki 6 baada ya kujifungua. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huweza kushusha HDL kidogo, nalo si sababu ya kuiacha bila kuzungumza na mtoa huduma.

Halafu kuna tezi ya shingo, ambayo husahaulika mno. Homoni yake ina kipokezi chake kwenye ini, nacho pia huongeza vipokezi vya LDL. Tezi ikilegea, LDL hupanda, na unaweza kumezeshwa dawa za kolesteroli kwa miaka wakati tatizo liko shingoni. Mwanamke mwenye LDL iliyopanda ghafla, anayechoka, anayehisi baridi na kunenepa bila sababu, aombe kwanza kipimo cha TSH, kile cha damu kinachoonyesha kazi ya tezi. Njia hii ya kipokezi cha tezi imezaa matunda kuliko ya estrojeni: Machi 2024 Marekani iliidhinisha dawa inayokilenga kipokezi hicho kwenye ini, kwa ajili ya ugonjwa wa ini lenye mafuta, na LDL hushuka pamoja nao.

Ukipokea karatasi ya majibu, angalia kwanza kipimo kilichotumika. Maabara nyingine huandika mmol/L, nyingine mg/dL. Kwa kolesteroli, zidisha mmol/L kwa 38.67 upate mg/dL. Kwa trigliseridi zidisha kwa 88.57, na kuchanganya namba hizi mbili ni kosa linalotisha watu bure. Pia LDL mara nyingi haijapimwa, imekokotolewa. Chukua kolesteroli yote, ondoa HDL, kisha ondoa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Ukiwa na kolesteroli yote 6.2, HDL 1.4 na trigliseridi 1.76, basi 6.2 ukitoa 1.4 ukitoa 0.8, LDL ni 4.0 mmol/L, sawa na 155 mg/dL. Trigliseridi ikizidi 4.5 mmol/L hesabu hiyo haifai tena, na LDL inabidi ipimwe moja kwa moja.

Na kipimo cha jeni kina mahali pake, ila si kwenye ESR1. Mtu mzima ambaye LDL yake ni 4.9 mmol/L au zaidi, tezi yake ikiwa nzima, hasa kama baba au kaka alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 60, huenda amerithi jeni mbovu ya kipokezi cha LDL. Hapo ndugu wa tumbo moja na watoto wapimwe pia, kwa kuwa kila mmoja wao ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na kipimo cha kwanza kwao ni kile cha kawaida cha kolesteroli, kabla hata ya kugusa DNA.