Kovu la operesheni ya goti na nyonga: yanayosemwa Kusini mwa Tanzania na ukweli wake

"Mkato mfupi ndio wenye kovu zuri."
Si lazima. Ngozi ina mistari ya mvutano, ambayo Karl Langer, mtaalamu wa maumbile ya mwili wa Austria, aliichora mwaka 1861. Mkato unaoifuata hufunga ukawa kama uzi. Unaoikatiza huvutwa huku na huku na kutanuka. Tena, goti la bandia likilazimishwa kupita kwenye mkato mfupi mno, vyuma vya kushikilia ngozi hubana kingo hadi zikakosa damu. Kingo zikifa, kovu huwa pana kuliko la mkato mrefu.

"Goti hupasuliwa wima kwa sababu daktari hajali urembo."
Mistari ya goti imelala, kwa hiyo mkato wa wima unaikatiza, na daktari analijua hilo. Anacholinda ni damu. Ngozi ya mbele ya goti hulishwa zaidi kutoka upande wa ndani, na mkato wa wima wa katikati, mara nyingi sentimita 10 hadi 20, hauiachi na njaa. Unaweza pia kufunguliwa tena siku goti la bandia likihitaji kubadilishwa.

Ndiyo maana makovu ya zamani, kama ya ajali ya bodaboda, yana uzito mkubwa. Penye makovu mawili ya wima, daktari hupendelea kupitia lile la upande wa nje. Akilazimika kukata jipya sambamba na la zamani, huacha nafasi ya angalau sentimita 5 hadi 7, kwa kuwa kijiukanda chembamba cha ngozi katikati hufa. Ganzi upande wa nje wa kovu hutokana na mshipa mdogo wa fahamu uliokatwa. Si dalili kwamba operesheni imeharibika.

Kwenye nyonga uchaguzi ni mpana zaidi. Mkato unaofuata mkunjo wa kinena hujificha na kuacha kovu jembamba, ila unamtaka daktari aliyeuzoea, na mwenye tumbo linaloangukia kinena kidonda chake hulowa jasho katika joto hili la pwani. Usimshinikize daktari akate kwa njia asiyoizoea kwa ajili ya kovu.

"Keloidi huletwa na kisu kichafu."
Uchafu huleta usaha, na usaha huweza kunenepesha kovu. Keloidi, yaani kovu nene linaloendelea kukua, huota hata penye usafi kamili, hasa kwa wenye asili hiyo katika ukoo, na huvuka mipaka ya kidonda. Bega liko hatarini kuliko goti. Kuikata peke yake mara nyingi huirudisha kubwa zaidi. Hutibiwa kwa sindano za steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kila wiki 4 hadi 6.

"Masizi au mafuta ya ganda la korosho hukausha kidonda."
Nembo za wazee wa Kimakonde zilidumu kwa sababu masizi yalisuguliwa kwenye chale. Yatafanya vivyo hivyo kwenye kovu lako, na kuingiza vijidudu juu yake. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi nzima, sembuse kidonda. Kila mbanguaji anayajua.

"Usikunje goti mpaka kidonda kipone."
Goti lisilokunjwa hukakamaa. Mazoezi huanza siku ileile ya operesheni au kesho yake, kwa maelekezo ya mtaalamu. Nyuzi za ndani huhimili. Za nje kwa kawaida hutolewa siku ya 10 hadi 14. Kidonda kikishafunga kabisa, likande kovu taratibu kwa mafuta laini mara mbili kwa siku, likinge na jua, na ukipata bandeji ya silikoni ivae saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi mitatu. Kovu huendelea kubadilika hadi miezi 12 hata 18.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kidonda kilichoingiwa na vijidudu hauonekani vizuri, kwa hiyo pima joto kwa kiganja na linganisha uvimbe na goti la pili. Kidonda cha kiungo bandia kikichuruzika, rudi hospitali siku hiyohiyo. Vijidudu vikifika kwenye chuma ni vigumu mno kuviondoa.

Na kabla ya kuweka sahihi kwenye fomu ya ridhaa, iwe hospitali ya Ligula, Mtwara, au ya Sokoine, Lindi, mwonyeshe daktari makovu yako yote ya zamani na umwambie kama kwenu kuna keloidi. Mkato ukishapita, hauhamishiki.